Muulize Mjomba Fundi: Dubwana limeharibika toka 2006, mbona hawalitengenezi?

SWALI: Mjomba shikamoo. Naandika toka Shangani hapa Mtwara. Mdogo wangu kanitumia vidio ya mchezo wa treni wa Disney kule Florida unaitwa Expedition Everest, treni inapanda mlima, inarudi kinyumenyume gizani, halafu mwishoni unakutana na dubwana la manyoya wanaliita Yeti. Sasa wanasema zamani lilikuwa linawarukia abiria kwa mkono mzima mzima, likaharibika miezi michache baada ya kufunguliwa na mpaka sasa limesimama tu linapigwa taa. Ofisini tumebishana mpaka chai imepoa. Kampuni yenye hela kama ile inashindwaje kutengeneza sanamu? Wamefulia au ni uvivu? (Dada wa Shangani)

JIBU: Marahaba mwanangu. Hawajafulia, na uvivu nao sio hasa. Lile dubwana halijatengenezwa kwa sababu treni inatembea bila lenyewe. Hilo ndo jibu kwa kifupi na ningeweza kuishia hapo lakini najua wale mnaobishana nao hawataridhika, kwa hiyo tuingie ndani kidogo.

Mchezo wenyewe ulifunguliwa rasmi Aprili 2006 kwenye bustani yao ya michezo inaitwa Animal Kingdom. Ule mlima ni wa kutengenezwa, chuma na saruji, una urefu wa karibu mita 61, na haukuachiwa uende juu zaidi kwa sababu sheria za anga za Marekani zinataka jengo likifika futi 200 (ndo hizo mita 61) liwekewe taa za kuonya ndege, sasa nani anataka kuona taa nyekundu inamemeta juu ya Himalaya. Treni inakimbia mpaka kilomita 80 hivi kwa saa na kuna mahali inashuka kama mita 24 kwa mkupuo. Ndani pale gizani ndo wakaweka hilo Yeti, urefu zaidi ya mita saba, yaani ukilisimamisha pembeni ya nyumba yako linachungulia juu ya bati.

Sasa sikiliza hapa maana ndo penye utamu. Lile sio sanamu la kutingisha kichwa na kupepesa macho. Lilitengenezwa lisogee mbele karibu mita moja na nusu na kupanda na kushuka karibu nusu mita, pamoja na mkono wake, kwa kasi, ili abiria aone kweli anakamatwa. Kinachosukuma ni haidroli, mafuta yanabanwa na pampu yanaingia kwenye silinda na silinda inasukuma, mambo yale yale ya tipa likinyanyua mchanga, ila tipa linanyanyua taratibu na hili linatakiwa lirushe mkono, lisimame ghafla, lirudi, likae tayari, treni nyingine hiyo inakuja. Kutwa nzima. Mwaka mzima, maana kule hawana habari ya kufunga kupisha masika.

Na kitu kizito ukikirusha mbele, chini nako kunasukumwa nyuma. Hiyo ndo sheria, haina tajiri wala maskini. Kila Yeti likirusha mkono, fremu yake inapigwa, mnara unaoibeba fremu unapigwa, msingi unaobeba mnara unapigwa. Mainjinia walilijua hilo toka mwanzo, ndo maana wakajenga vitu vitatu ndani ya mlima mmoja, kuna jengo la mlima lenyewe, kuna nguzo za reli ya treni na kuna mnara wa Yeti, na vyote vitatu havigusani, kila kimoja kimeshuka chini kivyake. Akili nzuri sana hiyo, mimi naiheshimu, kwa sababu dubwana likitikisika reli haina habari. Lakini akili hiyo hiyo ndo imewafunga mikono leo, maana mnara wa Yeti upo katikati kabisa, umezungukwa na reli na nguzo na juu umefunikwa na mlima. Vilipanda pamoja wakati wa ujenzi. Krini iliyoliweka ilikuwa na uwazi wa kupita, sasa hivi uwazi huo haupo.

Kilichoharibika kinachosemwa zaidi ni kwamba fremu ilianza kupasuka, na wapo wanaoutaja msingi wa zege. Vyovyote vile ni habari ya kinacholibeba dubwana. Ingekuwa hozi imepasuka au pampu imekufa wangebadilisha usiku mmoja, wana karakana na wana spea. Walichofanya ni kulizima, wakafunga taa za kumemeta haraka haraka usoni kwake ili macho yadanganyike yaone kama linacheza, na mashabiki wakalibandika jina la Disco Yeti. Sema ukweli kwa wanaolipita mara ya kwanza kwa kasi ile wengi wala hawagundui, wanapiga kelele hivyo hivyo.

Na hapo ndo turudi kwenye hela. Dada yangu hebu kaa kwenye kiti cha mkurugenzi. Una mchezo ambao watu wanapanga foleni toka asubuhi. Abiria analiona dubwana sekunde mbili tatu mwisho wa safari. Fundi anakuja anakwambia mzee, tukitaka kulitengeneza lile lazima tufunge mchezo, tutoboe mlima, pengine tung'oe na kipande cha reli, na tutakaa humo muda mrefu. Unapiga hesabu, foleni itapungua nikitengeneza? Itafungwa kabisa. Foleni itapungua nisipotengeneza? Haijapungua. Sasa wewe ungesaini?

Kiongozi wa wabunifu wa mchezo ule, Joe Rohde, aliulizwa na mashabiki mwaka 2013 akawaambia kwa uwazi tu kwamba ile ni mashine kubwa tata, ipo juu ya mnara mrefu katikati ya jengo lililokwisha, ni ngumu sana kutengeneza, lakini ipo siku ataitengeneza. Watu wakashangilia. Mwanzoni mwa 2021 akastaafu, Yeti liko vile vile. Simlaumu, mbunifu hana saini ya hundi.

Lakini kuna jambo lingine nataka wale wa ofisini kwenu walisikie vizuri. Mwaka 2017 bustani ile ile ilifungua eneo jipya kabisa la Pandora, ile dunia ya filamu ya Avatar, na aliyeongoza ubunifu ni huyo huyo Rohde, na kwenye mchezo wa boti wa humo wakaweka sanamu la mganga wa kike anayeimba ambalo mikono na uso wake vinacheza laini mpaka unasahau kwamba ni mashine. Kwa hiyo hela zilikuwepo, ufundi ulikuwepo, tena ufundi mpya kuliko wa 2006. Ila kitu kipya unakitangaza, unaweka mabango, watu wanakata tiketi za ndege toka mabara mengine kuja kukiona. Kitu cha zamani kilichokarabatiwa unakitangazaje? "Njooni, lile dubwana tulilowaambia linaruka, sasa kweli linaruka." Hakuna mkurugenzi wa masoko atakayeandika tangazo hilo.

Linganisha na papa. Mwaka 1990 Universal, washindani wa Disney, walifungua bustani yao Orlando, kule kule Florida, na kulikuwa na mchezo wa boti wa Jaws, ile filamu ya papa, unapanda boti na papa wa mashine anatoka majini anataka kukula. Mapapa yale yalisumbua toka siku za mwanzo, mashine ndani ya maji ni balaa (papa wa Msimbati hana pampu wala waya, ndo maana hajawahi kugoma). Universal wakafanya nini? Wakafunga, wakaujenga mchezo upya, ukarudi 1993 na ukadumu mpaka mwanzoni mwa 2012. Kwa nini wale waliingia gharama na hawa wa Yeti hawakuingia? Kwa sababu ukimtoa papa kwenye Jaws unabaki na watu wamekaa kwenye boti wanazunguka bwawa. Papa ndo mchezo. Yeti ni pilipili ya juu, ukilitoa treni bado ina kasi, bado inarudi kinyumenyume, bado tumbo linapanda kooni. Mambo ya kampuni hizi ukiyatazama kwa jicho hilo unaweza kutabiri nini kitatengenezwa na nini kitafunikwa kwa taa.

Na wala msidhani kwamba kikubwa kikiharibika lazima kirudi. Aprili 2023 joka kubwa la onyesho la Fantasmic pale Disneyland, California, liliwaka moto mbele ya watazamaji, likateketea. Onyesho lilirudi mwaka 2024 bila joka, wakapanga mwisho wake kwa namna nyingine. Watu walinung'unika, wakanunua tiketi.

SWALI: Mjomba salama? Mimi fundi wa kuchomelea, Masasi. Nimeona mjadala wa hilo Yeti kwenye simu ya kijana wangu. Naomba nikupinge kabla hujajibu, fremu ikipasuka si unachomelea unaweka na plate ya kutosha maisha yanaendelea? Sisi huku tunafufua magari ambayo Ulaya yangekuwa chuma chakavu.

JIBU: Salama fundi mwenzangu. Na kweli mnafufua, nimepita hapo kwenu nimeona. Lakini wewe na mimi tunayajua yale malori yanayobeba korosho toka vijijini msimu ukianza mwezi wa kumi. Chesisi inaanza kupasuka wapi? Kwenye tundu la bolti au pale kona ya mabano ya springi, unaona kistari chembamba kama unywele kina kutu ya rangi ya chungwa, dereva anasema hiyo michubuko tu. Unachomelea, unaweka plate, unapaka rangi nyeusi, lori linarudi kazini. Msimu ujao linarudi kwako na ufa mpya, uko wapi? Sio pale ulipochomelea. Uko sentimita chache pembeni ya plate, pale plate inapoishia. Si umeshaona hiyo mara nyingi wewe?

Chuma hakipasuki kwa sababu ya mzigo mmoja mkubwa tu, kinachoka. Kikipindishwa kidogo na kurudi, kidogo na kurudi, mara elfu na elfu, kuna siku ufa unaanza hata kama kila mzigo mmoja mmoja ulikuwa wa kawaida. Ukikiongezea plate umekifanya kigumu pale, lakini ule msukosuko haujaondoka, umehamia jirani. Kwa lori tunakubali kwa sababu likikatika linalala barabarani Ndanda, dereva anakula ming'oko anasubiri fundi. Sasa Yeti lina urefu wa zaidi ya mita saba na chini yake treni zimejaa watoto wa watu. Hapo huwezi kusema tuchomelee tuone. Inabidi upige hesabu upya za fremu nzima, na kama kinachobeba fremu nacho kina matatizo basi huna pa kusimamia hiyo hesabu.

Njia nyingine ni kulipunguzia kazi, lisirushe mkono kwa nguvu, lisogee polepole, au kulipunguzia uzito, au kung'oa kabisa na kuweka jipya jepesi la mota za umeme badala ya haidroli. Hiyo ya mwisho naona ndo ya maana. Lakini kulitoa la zamani lipite wapi? Tunarudi pale pale kwenye mlima uliofungwa. Yaani fundi ukitaka kujua kosa liko wapi mimi naona halikuwa kwenye kuchomelea, lilikuwa kwenye ramani, walichora mashine itakayofanya kazi milele hawakuchora namna ya kuitoa siku ikigoma. Na kosa hilo halina Ulaya wala Masasi.

SWALI: Mjomba, sisi huku Newala tunacheza mapiko, mtu anavaa lipiko (kinyago) anaruka mpaka watoto wanakimbilia kwa bibi zao. Kwa nini wasimvalishe mtu tu? Niko siriasi.

JIBU: Najua uko siriasi mwanangu na nimecheka kwa heshima zote. Mtu wa kuvaa kitu cha mita saba hayupo, hilo moja. La pili, pembeni ya reli kuna nafasi ambayo haitakiwi kuwa na kiungo cha mtu yeyote wakati treni inapita, na mchezaji wa lipiko mzuri hakai mbali na watazamaji, unajua mwenyewe. La tatu treni zinapita kutwa nzima, mchezaji wenu anacheza usiku mmoja kesho yake analala mpaka saa nane mchana. Ila kwa bustani ndogo, kwenye nyumba ya vitisho ya kutembea kwa miguu, mtu aliyevaa anaishinda mashine kila siku, na huko Marekani wenyewe kwenye sikukuu zao za Halloween ndo wanachofanya, wanaajiri watu.

SWALI: Je ni kweli Yeti lina nguvu kuliko ndege ya Boeing 747? Kuna mtu hapa Mikindani anatuumiza kichwa.

JIBU: Disney wenyewe walijisifu hivyo, kwamba ukijumlisha nguvu za silinda zake zote zinazidi msukumo wa injini za 747-400. Mwambieni huyo bwana kuwa ni sifa ya kweli kidogo na ya biashara kidogo. Nguvu ya kusukuma ni kitu kimoja, kuendelea kusukuma masaa kumi angani ni kitu kingine. Silinda inasukuma sana kwa kitambo kifupi sana. Lakini anayesikia hivyo asishangae tena kwa nini kinacholibeba kilichoka.

SWALI: Mjomba Fundi shikamoo, mimi mwalimu, Lindi mjini. Mifupa ya dinosa mkubwa ilichimbwa Tendaguru hapa kwetu ikapelekwa Berlin. Nimekuwa nikiwaza, kwa nini tusiwe na dinosa wa mashine hapa Lindi, anayesogeza shingo, watalii waje? Ila naogopa, maana kwenye Nanenane Ngongo mwaka mmoja kulikuwa na treni ya watoto yenye tembo mbele anayepiga masikio, mwaka uliofuata sikio moja halichezi, uliofuata yote mawili, na mwenye treni anatoza bei ile ile.

JIBU: Marahaba mwalimu. Huyo mwenye treni na Disney wamepiga hesabu moja, tofauti ni sifuri za mwishoni. Watoto wanapanda kwa ajili ya kuzunguka, masikio ya tembo ni nyongeza, kwa hiyo masikio hayatengenezwi. Ukitaka dinosa wako asife hivyo basi mfanye yeye ndo tiketi, asiwe pambo la mbele ya kitu kingine. Watu walipe kumuona yeye, akigoma hela isimame, utaona fundi atakavyoitwa usiku usiku.

Wazo lako ni zuri na mimi nalipenda. Wajerumani walichimba Tendaguru kati ya 1909 na 1913, zaidi ya tani 200 za mifupa, ikabebwa na wapagazi vichwani mpaka bandari ya Lindi. Yule mkubwa, Giraffatitan, kasimamishwa makumbusho ya Berlin toka 1937 na kichwa chake kiko mita 13 na ushee juu. Sasa usianze na wa mita 13. Shingo ndefu hivyo ikiwa ya mashine inakuwa na tatizo lile lile la Yeti, uzito uko mbali, kila ikisimama inavuta msingi. Ukiitaka ndefu lazima basi iwe nyepesi, fremu ya aluminiamu, ngozi ya povu na mpira, na isogee polepole, dinosa mla majani ana haraka gani?

Tumia mota za umeme, achana na haidroli, mafuta yakianza kuvuja kwenye ngozi ya povu hutamaliza kufuta na watoto watatoka na madoa kwenye sare. Zifunike mota vizuri maana upepo wa bahari wa Lindi una chumvi na chumvi inakula waya na bolti kimya kimya, tumia bolti zisizoshika kutu hata kama muuzaji atakwambia hizi za kawaida ni zile zile. Shingo ifungwe kwa vipande, kila kipande kiweze kushushwa na watu wanne bila krini. Banda lake liwe na mlango mpana upande wa nyuma, upime kichwa kwanza ndo ujenge mlango. Na kwenye bajeti utakayowapelekea wafadhili, usiandike bei ya kununua tu, weka na mshahara wa fundi wa kudumu na spea za miaka mitano, wakikata hilo fungu wakakuachia la kununua, mwalimu, bora uombe hela za mifupa ya plasta isiyotembea. Niandikie ukishapata eneo nije nione udongo.